Nimonia ya corona: Kinga ya taifa inaanzia dirisha la ARV

MEI 5, 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mjini Geneva kuwa UVIKO-19 si dharura ya afya ya kimataifa tena. Ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi mitatu tangu shirika hilo lipige mbiu ya hatari, Januari 30, 2020.

Katika miji yetu wengi hawakusubiri tangazo hilo. Ndoo za maji tiririka zilikwishaondolewa milangoni mwa maduka, barakoa zilikwishasahauliwa, na abiria walikuwa wamerudi kubanana kwenye daladala kama zamani.

Lakini lipo kundi ambalo halikuwa na sababu ya kusherehekea. Ni watu ambao kinga ya miili yao imedhoofika: wanaoishi na VVU ambao virusi hivyo havijadhibitiwa, wagonjwa wa saratani walio katika tiba, waliopandikizwa figo, na wale wanaotumia kwa muda mrefu dawa za kushusha kinga.

Kwa watu hao corona haijageuka kuwa mafua ya kawaida. Inaweza kushuka hadi mapafuni, ikaleta nimonia, yaani homa ya mapafu, na ikakaa humo kwa majuma au hata miezi.

Hoja ya uchambuzi huu ni moja. Katika nchi zetu, ngao kubwa ya kundi hili haipo kwenye dawa mpya za gharama kubwa zinazotangazwa Ulaya na Marekani. Ipo kwenye dirisha la dawa la kliniki ya VVU, katika kopo la vidonge ambavyo mgonjwa anapaswa kumeza kila siku bila kukosa. Dirisha hilo likifungwa, hatakayeumia si mgonjwa peke yake.

Mapafu bila mlinzi

Ili kuielewa hatari hii, ni vyema kwanza kujua kinachotokea ndani ya kifua.

Mapafu ya binadamu yana mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Ni katika kuta za vifuko hivyo ndipo oksijeni inapovuka na kuingia kwenye damu. Virusi vya corona vinapofika huko, kuta hizo huvimba na vifuko hujaa majimaji. Mgonjwa anavuta hewa, lakini hewa hiyo haifiki inakotakiwa.

Jambo la kutisha ni kwamba hali hiyo huweza kujificha. Yapo matukio ambayo mgonjwa huzungumza vizuri na hata kutembea mwenyewe, ilhali kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kinaonyesha kuwa oksijeni katika damu imeshuka chini ya asilimia 90, kiwango ambacho WHO inakihesabu kuwa ni ugonjwa mkali.

Kwa mtu mwenye kinga imara, ugonjwa huwa na hatua mbili. Katika juma la kwanza virusi huzaliana. Katika juma la pili kinga ya mwili hupambana navyo, na kwa baadhi ya watu mapambano hayo huvuka mpaka na kuanza kuyaharibu mapafu yenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 walikuwapo waliodhani kuwa kinga dhaifu ingekuwa neema, kwa vile mwili usio na askari wa kutosha usingeweza kuanzisha vita hiyo ya kujiumiza. Dhana hiyo haikudumu. Ilibainika kwamba kwa wengi wa wagonjwa hao hatua ya kwanza haimaliziki. Virusi huendelea kuzaliana, homa hutulia kisha hurudi, na nimonia iliyodhaniwa imepona huibuka upya.

Kwa mtu mwenye VVU jambo hili lina maelezo ya wazi. Chembechembe za CD4 ndizo zinazowapanga na kuwaamrisha askari wengine wa mwili, na hizo ndizo VVU huzishambulia. Mtu mwenye afya huwa na CD4 kati ya takriban 500 na 1,500 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, WHO huhesabu kuwa mgonjwa amefikia hatua ya juu ya ugonjwa wa VVU. Hapo jeshi linakuwa halina majemadari.

Siku 216 za Durban

Ushahidi mzito kuhusu suala hili haukutoka London wala New York. Ulitoka Afrika Kusini, nchi yenye watu wengi wanaoishi na VVU kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Mwaka 2021 wanasayansi wa mjini Durban, wakiwamo Alex Sigal na Tulio de Oliveira, walieleza habari za mwanamke mwenye umri wa miaka 36 aliyekuwa na VVU vya hatua ya juu. Mwanamke huyo alipata corona mwaka 2020. Siku 216 baadaye, yaani zaidi ya miezi saba, vipimo vilikuwa bado vinaonyesha virusi mwilini mwake.

Hakuwa mgonjwa wa kulala mahututi muda wote huo. Kama asingekuwa katika kundi lililokuwa likifuatiliwa na watafiti, huenda hakuna ambaye angejua kuwa bado anavyo virusi hivyo.

Kilichowashtua watafiti zaidi ni mabadiliko. Katika kipindi hicho virusi vilivyokuwa mwilini mwake vilikusanya mabadiliko ya vinasaba zaidi ya 30. Baadhi yalikuwa kwenye ile miiba ambayo kirusi hutumia kushika na kuingia ndani ya chembe za binadamu, na yalifanana na mabadiliko yaliyoonekana katika aina za corona zilizokuwa zikiitisha dunia wakati huo.

Maelezo yake si magumu. Kinga ya mgonjwa wa namna hii haina nguvu za kuviua virusi vyote, lakini inazo nguvu kidogo za kuvisumbua. Vinavyosalia ni vile vilivyojifunza kuikwepa. Kila siku inayopita mwili wa mgonjwa huwa kama karakana ambamo kirusi kinajifua.

Lakini sehemu ya kisa hicho inayostahili kutangazwa kuliko zote ni mwisho wake. Dawa za VVU alizokuwa akitumia zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi. Alipobadilishiwa na kupewa mchanganyiko wenye dolutegraviri, VVU vilidhibitiwa, kinga ikaanza kuamka, na corona nayo ikatoweka mwilini.

Mapema mwaka 2022 watafiti wengine wa Afrika Kusini walieleza kisa cha pili kinachofanana na hicho. Mwanamke wa miaka 22, ambaye VVU vyake havikuwa vimedhibitiwa, alikaa na corona kwa muda wa takriban miezi tisa. Alipoanza kutumia ARV ipasavyo, aliishinda corona hiyo katika kipindi cha majuma sita hadi tisa.

Kwa maneno mengine, katika visa vyote viwili kilichoiondoa corona hakikuwa dawa ya corona. Ilikuwa ni ARV, dawa ambayo nchi zetu zimekuwa zikiitoa bure kwa miaka mingi.

Si balaa la Afrika

Hapa inabidi kutahadharisha. Zilipovuma habari za Durban, na hasa baada ya aina ya Omicron kutangazwa na wanasayansi wa kusini mwa Afrika mwezi Novemba 2021, zilianza kusikika sauti zilizowaelekezea kidole watu wanaoishi na VVU kana kwamba wao ndio chanzo cha aina mpya za corona.

Mataifa tajiri yaliharakisha kuzuia safari za ndege kutoka nchi za kusini mwa Afrika. Nchi iliyoiambia dunia ukweli ikageuka kuwa nchi iliyoadhibiwa.

Ukweli ni kwamba asili ya Omicron haijathibitishwa hadi leo. Kuzuka kwake ndani ya mwili wa mtu mwenye kinga dhaifu ni mojawapo ya nadharia zenye nguvu, lakini ni nadharia.

Aidha, corona ya kudumu haichagui bara. Desemba 2020 madaktari wa Boston, Marekani, waliripoti kisa cha mwanamume wa miaka 45 aliyekuwa akitumia dawa za kushusha kinga, ambaye alifariki dunia siku 154 baada ya kugundulika kuwa na corona. Mwaka 2022 watafiti wa London walieleza habari za mgonjwa aliyekaa na virusi kwa siku 505 hadi alipofariki. Mwaka 2024 madaktari wa Uholanzi walitoa taarifa za mzee wa miaka 72 aliyekaa navyo siku 613.

Tatizo, kwa hiyo, si VVU wala Uafrika. Tatizo ni kinga iliyoachwa bila msaada. Tofauti ni kwamba yule mzee wa Uholanzi alikuwa na ugonjwa wa damu ambao tiba yake yenyewe hudhoofisha kinga, ilhali mgonjwa wa VVU anayo dawa inayoweza kumrudishia kinga yake. Huyo ndiye mgonjwa wa kinga dhaifu anayeokoleka kwa urahisi kuliko wote, mradi tu asiachwe.

Takwimu zinasemaje

Katika mwaka wa kwanza wa janga hili, wengi walisubiri kwa hofu kuona corona ingefanya nini katika nchi zenye VVU vingi.

Jibu la kwanza kubwa lilitoka katika jimbo la Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Utafiti uliopitia kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali za umma za jimbo hilo mwaka 2020 ulionyesha kuwa watu wenye VVU walikuwa katika hatari ya kufa kwa corona takriban mara mbili ya wasio na VVU. Waliokuwa na kifua kikuu wakati huo walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Mwezi Julai 2021 WHO ilitoa ripoti iliyojumuisha nchi nyingi. Ripoti hiyo ilieleza kuwa mtu mwenye VVU aliyelazwa kwa corona alikuwa na uwezekano wa kufia hospitalini uliozidi kwa asilimia 30 ule wa asiye na VVU, hata baada ya kuzingatia umri na maradhi mengine.

Je, ARV zilileta tofauti? Utafiti wa Rasi ya Magharibi haukuonyesha tofauti kubwa kati ya waliodhibiti VVU na ambao hawakudhibiti. Lakini uchunguzi mpana zaidi wa hospitali za Afrika Kusini, uliochapishwa baadaye mwaka 2021, ulibaini kuwa miongoni mwa wagonjwa wenye VVU, waliokuwa hawatumii ARV, na wale ambao CD4 zao zilikuwa chini ya 200, ndio waliokufa kwa wingi zaidi.

Msomaji asichukulie kwamba kila mwenye VVU anatembea na hukumu ya kifo cha corona. La hasha. Anayemeza dawa zake, ambaye CD4 zake zimepanda, yu karibu zaidi na jirani yake asiye na VVU kuliko alivyo karibu na mgonjwa aliyeacha dawa. Mstari unaotenganisha usalama na hatari haupiti kati ya mwenye VVU na asiye navyo. Unapita kati ya aliyetibiwa na asiyetibiwa.

Nimonia ipi?

Mtu mwenye kinga dhaifu anapofika hospitali akikohoa na kupumua kwa shida, daktari anakabiliwa na kitendawili.

Juni 5, 1981 dunia ilisikia kwa mara ya kwanza habari za ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI. Taarifa hiyo, iliyotolewa na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ilihusu vijana watano wa Los Angeles waliougua nimonia ya ajabu, inayosababishwa na fangasi ambaye kwa mtu mwenye kinga kamili huwa hana madhara. Kwa hiyo nimonia na kinga dhaifu ni jamaa wa siku nyingi.

Tatizo ni kwamba nimonia hiyo ya fangasi na ile ya corona hufanana mno. Zote huleta kikohozi kikavu, homa na kuishiwa pumzi. Katika picha ya mionzi zote huweza kuonyesha ukungu uliotapakaa kwenye mapafu yote mawili. Ongeza kifua kikuu, ongeza nimonia ya bakteria, na kumbuka kwamba mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mawili kati ya hayo kwa wakati mmoja.

Kukosea ni gharama. Nimonia ya fangasi hutibiwa kwa dozi kubwa ya dawa ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Septrini. Kifua kikuu kina dawa zake za miezi kadhaa. Corona haisikii dawa yoyote kati ya hizo.

Kipimo chanya cha corona nacho kinaweza kupotosha. Daktari akikiona, anaweza kuacha kutafuta kifua kikuu kilichojificha nyuma yake. Na kinyume chake pia ni kweli: tangu corona iache kuzungumzwa, upo uwezekano wa mgonjwa kutibiwa nimonia nyingine zote pasipo mtu kukumbuka kumpima corona.

Dawa zenyewe zinahitaji uangalifu. Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayopatikana kote, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa corona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliohitaji oksijeni tu. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida. Na kwa kuwa dawa hiyo hushusha kinga, mtu ambaye kinga yake tayari iko chini asiinunue mwenyewe dukani kwa sababu tu amesikia inasaidia.

Paxlovid, vidonge vilivyotengenezwa na kampuni ya Pfizer kwa ajili ya corona, navyo vina mtego wake. Ndani yake mna ritonaviri, dawa iliyoanza maisha yake katika tiba ya VVU. Haiendi pamoja na rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu, kwa sababu rifampisini huifanya Paxlovid iondolewe mwilini haraka kabla haijafanya kazi. Kwa aliyepandikizwa figo hatari ni ya upande wa pili: ritonaviri huweza kupandisha dawa zake za kuilinda figo hadi kiwango cha sumu.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na kifua kikuu bado ni ugonjwa wa kila siku katika zahanati zetu. Watu ambao dawa za corona huwapiga chenga hawapo mbali. Tunapanda nao daladala.

Chanjo zilipogonga mwamba

Chanjo ziliokoa maisha ya watu wengi, lakini hazikugawa ulinzi kwa usawa. Chanjo ni mwalimu, na mwalimu huhitaji mwanafunzi anayeweza kushika somo.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwapima watu waliopandikizwa viungo na wakachanjwa. Baada ya dozi ya kwanza ni asilimia 17 tu waliokuwa na kingamwili zinazoweza kupimika. Baada ya dozi mbili walifikia asilimia 54. Kwa maana hiyo, karibu nusu yao walichanjwa kikamilifu lakini hawakuonyesha kinga hiyo.

Ndiyo maana Agosti 2021 Marekani iliruhusu dozi ya tatu kwa kundi hilo, na mwezi Oktoba mwaka huo wataalamu washauri wa WHO wakapendekeza vivyo hivyo kwa watu wote wenye kinga iliyodhoofika sana.

Kwa wale ambao hata dozi ya tatu haikuwasaidia, mataifa tajiri yaliwapa kingamwili zilizotengenezwa maabara. Iliyovuma zaidi, Evusheld, iliruhusiwa nchini Marekani Desemba 2021. Januari 2023 ikaondolewa. Kirusi kilikuwa kimebadilika, na dawa haikukitambua tena.

Hapo ndipo ubora wa ARV unapojidhihirisha. Dawa inayomlenga kirusi cha corona hupitwa na wakati kirusi kinapobadilika. Lakini ARV haifukuzani na corona. Kazi yake ni kuirudisha kinga ya mgonjwa mwenyewe, na kinga hiyo inaweza kujifunza kukabili aina mpya kadiri zinavyokuja. Mwenye VVU vilivyodhibitiwa pia huipokea chanjo vizuri zaidi kuliko asiyetumia dawa.

Hesabu yetu wenyewe

Tanzania ina sababu za pekee za kulitafakari suala hili.

Takwimu za mwisho zilizotolewa mwaka 2020 zilionyesha kuwa nchi ilikuwa na wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo kimya kilitanda kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mapema mwaka 2021, misiba ilipoongezeka, watu wengi waliona ni salama zaidi kusema kuwa marehemu alikuwa na nimonia au changamoto ya upumuaji.

Mwelekeo ulibadilika baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuingia madarakani Machi 2021. Aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28, 2021 akazindua chanjo kwa kuchanjwa hadharani. Nchi ilikuwa imepokea dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson.

Lakini hasara ya kimya kile haikufutika. Katika vile vifo vilivyoitwa nimonia, wangapi walikuwa na VVU ambavyo havikudhibitiwa? Wangapi walikuwa na saratani? Hesabu hiyo haikuwekwa, na kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti.

Kinachojulikana ni hali ya VVU yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulibaini kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, sawa na watu wapatao milioni 1.5. Kati yao asilimia 78 walikuwa wamevidhibiti virusi hivyo.

Hayo ni mafanikio makubwa yanayostahili pongezi. Hata hivyo, asilimia 22 zilizobaki ni zaidi ya watu 300,000. Wengi wao hawakuwa wanapuuza dawa, bali hawakuwa wanajua kuwa wana maambukizi. Hao ndio corona, au kirusi kingine cha mapafu kitakachofuata, itawakuta bila ngao.

Mkono wa mfadhili

Ni katika mazingira hayo ndipo Januari 20, 2025, siku aliyorejea madarakani, Rais Donald Trump wa Marekani alipotia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ifanyiwe tathmini.

Amri hiyo iliugusa pia mpango wa UKIMWI ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, ambao kwa zaidi ya miaka 20 umekuwa mhimili wa huduma za VVU katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Baadaye ulitolewa msamaha kwa tiba za kuokoa maisha, lakini katika nchi kadhaa watumishi walikwishasimamishwa kazi na baadhi ya kliniki kufungwa. Kufikia Julai 1, 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limevunjwa.

Wapo watakaouliza kwa haki: kwa nini mlipakodi wa nchi nyingine anunue dawa za wagonjwa wetu? Ni swali ambalo tulipaswa kujiuliza wenyewe zamani. Taifa lililopata uhuru mwaka 1961 halipaswi kugundua kwamba uhai wa raia wake unategemea sahihi inayotiwa Washington.

Lakini swali hilo lina upande wa pili. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulitangaza kuwa dawa ya mchanganyiko wenye dolutegraviri, kidonge kimoja kwa siku, imeshuka bei hadi chini ya dola 45 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima. Mgonjwa wa nimonia ya corona anayelazwa chumba cha wagonjwa mahututi hahitaji kukaa siku nyingi kabla gharama zake hazijazidi kiasi hicho.

Hata kwa lugha ya mhasibu asiye na huruma, kumwacha mgonjwa akose kidonge ni biashara ya hasara. Kwa lugha ya mtaalamu wa virusi, ni kukifungulia kirusi karakana. Na kwa lugha ya kawaida ya binadamu, ni kumwacha mtu afe kwa ugonjwa unaozuilika.

Nini kifanyike

Mambo manne yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni bajeti. Dawa za VVU ziwe na fungu la fedha za ndani linalotabirika, lisilotegemea uchaguzi wa nchi nyingine. Inaweza kuchukua miaka kulikamilisha, lakini haiwezekani kulikamilisha bila kuanza.

La pili ni kuwatafuta walioacha dawa na ambao hawajapimwa. Wahudumu wa afya ya jamii, wanaobisha hodi mlango kwa mlango, ndio wanaomrudisha kliniki mgonjwa aliyekata tamaa. Mara nyingi hao ndio huwa wa kwanza kupunguzwa fedha zinapokosekana.

La tatu ni vipimo. Mgonjwa yeyote mwenye kinga dhaifu anayefika akiwa na dalili za nimonia apimwe CD4, kifua kikuu na corona kwa pamoja, badala ya kukisia kimoja na kusahau vingine. Kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kiwepo katika kila zahanati, na mitungi ya oksijeni isisubiri wimbi jingine ndipo itafutwe.

La nne ni lugha. Tumejifunza kwa uchungu kwamba ugonjwa usiotajwa jina haukimbii. Wala ugonjwa uliotajwa kwa kumnyooshea kidole mgonjwa hautibiki, kwani aliyeaibishwa hujificha, na aliyejificha hamezi dawa.

Wakati wa janga, ilizoeleka kusema kuwa hakuna aliye salama hadi kila mtu awe salama. Kauli hiyo ilichakaa kwa kurudiwarudiwa, lakini yule mwanamke wa Durban aliipa maana mpya. Kwa zaidi ya miezi saba alibeba kirusi kilichokuwa kikijifunza namna ya kutushinda sote, na kilichokikomesha ni tiba sahihi ya VVU, iliyompata kwa wakati.

Kirusi kijacho cha mapafu hakitauliza kama dharura ilikwishatangazwa kuisha. Kitatafuta kifua kisicho na mlinzi. Ni juu yetu kuamua sasa, wakati hakuna king'ora kinacholia, iwapo kitawakuta watu 300,000 wa namna hiyo au kitawakuta wachache.